Jemedari wa Masjala na Laptopu Yenye Haraka

Katika masjala ile palikuwa na kiti kimoja tu chenye heshima. Kilikaa dirishani, mgongo wake ulikuwa mzima, na upepo ulikifikia kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote. Viti vingine vilikuwa viti vya ofisi kama unavyovijua: kimoja hakina mkono, kingine kinachechemea, kingine kina msumari uliokwisha kuchana suruali za makarani watatu, na bado kinapewa kila mgeni anayehamia. Kiti cha dirishani alikikalia Jemedari kwa miaka ishirini na miwili. Hakuna aliyeuliza kwa nini, kama vile mtu asivyouliza kwa nini jua halibadilishi upande wa kutokea.

Jemedari hakuwa mwanajeshi. Hata manati hakuwahi kushika. Alikuwa karani wa mafaili, mwembamba kama rula, miwani yake imeshikwa na uzi mweusi upande mmoja. Ujemedari aliupata vitani kweli, ila vita vyenyewe vilikuwa ndani ya kompyuta.

Ofisi ilipoletewa kompyuta ya kwanza, dude kubwa lenye kioo kilichotoka kitambi, aliyeileta alisahau ndani yake sidii ya gemu. Lilikuwa gemu la kupiga risasi. Mtu mmoja mwenye bunduki anaingia kwenye ngome ya chini ya ardhi, anapita vyumba kumi na viwili, na kila kona anatokewa na walinzi wenye kofia za chuma. Makarani wote walijaribu, wote wakafia chumba cha tatu. Si kwamba walinzi walikuwa hodari. Kompyuta ile ilikuwa nzito mno, mlinzi akitaka kuinua bunduki alichukua muda kama karani anayetafuta kalamu mfukoni. Wenzake walishindwa kuvumilia, wakabonyeza vitufe ovyo, wakajiua wenyewe. Jemedari alivumilia. Alisubiri mlinzi amalize kugeuka, akasubiri risasi ipite, ndipo akafyatua yake. Jumatano moja mchana, watu kumi na mmoja wakiwa nyuma yake, alitoka chumba cha kumi na mbili akiwa hai. Siku hiyohiyo akaitwa Jemedari, na jina likaja na kiti.

Miaka ikaenda. Kompyuta ile ikapelekwa stoo. Gemu halikuchezwa tena, lakini sifa haihitaji umeme.

Kisha akaja Naibu. Alihamishwa kutoka kituo kingine, kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vyake vinalia kabla hajafika. Alipewa kile kiti chenye msumari. Wiki ya pili, suruali ya pili ilipochanika, alimtazama Jemedari kule dirishani, upepo ukimpapasa, akauliza jina lile lilitoka wapi. Akasimuliwa.

"Gemu hilo nalijua," alisema Naibu. "Tulilicheza sana chuoni. Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hakuna binadamu aliyefika chumba cha kumi na mbili."

"Binadamu hafiki," Jemedari alijibu, akigeuza ukurasa wa faili. "Jemedari anafika."

Makarani wakacheka. Naibu naye akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha mtu anayepima kiti kwa macho.

"Basi Ijumaa, saa ya chakula, kwenye laptopu hii mpya ya ofisi, sote tukiona. Ukifika, nitakuita afande mpaka nistaafu. Usipofika, nakaa dirishani."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na Jemedari alikuwa na miaka hamsini na sita. Mtu wa umri huo akitolewa dirishani harudi tena.

Jioni alipindua nyumba akitafuta sidii. Mke wake, mshona sare za shule, alikuwa na pini tatu mdomoni, akazitoa moja moja ili aseme vizuri.

"Baba Mapacha, unatafuta nini?"

"Sidii yangu."

"Iko kwenye kopo la vifungo. Umeitunza miaka yote hiyo. Picha ya harusi yetu je, unajua iko wapi?"

Jemedari akafunga droo. Hakujua.

"Iko humohumo, chini yake," mke wake alisema, akarudisha pini mdomoni.

Jumanne alipeleka sidii ofisini, akazungusha laptopu pande zote nne. Haikuwa na mahali pa kuingiza sidii. Ilikuwa nyembamba kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Akaipeleka sidii kwa Fundi wa Kona, mwanamke anayetengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda kilichojaa nyaya. Fundi akaitazama kama mtu aliyeletewa jino la babu yake.

"Baba, hii ulizikwa nayo ukafufuka?"

"Inafanya kazi."

Fundi akaifuta kwa ncha ya kanga, akaisoma kwenye mashine yake, akahamishia gemu kwenye flashi. Kisha akaeleza taratibu. Gemu la zamani likiingia laptopu mpya linashtuka, linaona kila kitu kigeni, linakataa. Kwa hiyo ameweka na kiprogramu kidogo cha kulihadaa liamini kwamba bado liko ndani ya lile dude la zamani.

"Kwa hiyo nalidanganya," alisema Jemedari.

"Unalidanganya."

"Hilo naliweza. Niko masjala."

Jumatano gemu likafunguka. Kwanza kioo kilikuwa cheusi tii. Kisha walinzi wakatokea wakiwa na nyuso za kijani kama wagonjwa wa homa ya manjano waliozidisha. Alipobonyeza hapa na pale, rangi zikakaa sawa, ila picha ilikuwa ndogo kama bahasha, imejibanza katikati ya kioo. Si kitu. Jemedari akavuta kiti, akashika mausi, akaingia chumba cha kwanza.

Akafa.

Hakuona hata aliyemuua. Akarudia, akafa tena. Mara ya tano ndipo alipogundua kwamba yale madoa yanayopita kama nzi ni walinzi. Wale waungwana wake wa zamani, waliokuwa wakiinua bunduki kwa adabu, sasa walikimbia kama wezi waliofunguliwa mbwa. Alimpigia Fundi simu.

"Nilisahau kukwambia," Fundi alisema. "Gemu hizo hazina saa zake zenyewe. Zinafuata mwendo wa mashine. Mashine ikikimbia, walinzi nao wanakimbia. Kuna mahali pa kupunguza, lakini laptopu ya ofisi itakudai nywila ya msimamizi."

Msimamizi wa kompyuta alikuwa likizo. Nywila iliombwa kwa barua, barua ilipita masjala, na masjala ilijibu ndani ya siku ishirini na moja za kazi. Jemedari mwenyewe ndiye aliyeutunga utaratibu huo.

"Njia nyingine?"

"Ichoshe," alisema Fundi. "Ipe kazi nyingi kwa pamoja mpaka ihemee."

Alhamisi asubuhi alimweleza siri hiyo Mama Muhuri, mtunza muhuri wa masjala, mwanamke mnene mtulivu ambaye funguo za kasha la muhuri alizining'iniza shingoni. Mama Muhuri hakushangaa hata kidogo.

"Wakuu wanne wamekuja hapa wakisema wataongeza kasi," alisema. "Wako wapi? Tuliwatuliza. Sasa laptopu ni nani?"

Dawa alikuwa nayo. Mwaka uliopita mafaili yote ya wananchi yalipigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta, ili kazi iende haraka. Tangu yapigwe picha hakuna aliyeyafungua. Yale yaliyokuwa yanasubiri kushughulikiwa yalikuwa mia tatu na kumi na mawili, kila moja zito, lenye barua na picha na viapo.

"Tuyafungue yote kwa mpigo."

Wakaanza. Mafaili kumi yakifunguka, walinzi bado walikuwa wezi. Yakifika mia, walikimbia kama watu waliochelewa kazini. Yakifika mia mbili, laptopu ilianza kuvuma na kupata joto kama pasi. Faili la mia tatu na kumi na mbili lilipofunguka, mlinzi wa kwanza alitokea kwenye kona, akasita, akageuza shingo, akaanza kuinua bunduki taratibu, kwa heshima zote.

Jemedari akavua miwani, akaifuta.

"Ni yeye," alisema. "Hajabadilika."

Ijumaa mvua ilinyesha, na watu waliokuwa wakisubiri huduma waliachwa wakae kwenye benchi la ndani hata saa ya chakula. Naibu, kwa kutaka ushahidi usiwe wa kunong'ona, aliunganisha laptopu na ile televisheni kubwa ya ukutani ambayo siku zote iliandika maneno yaleyale: Karibu, tunakuhudumia kwa haraka. Maneno yakatoka, gemu likaingia. Kwa kuwa picha yake ilikuwa ndogo, lilikaa katikati, na pembeni yake, juu na chini, yakajipanga mafaili yaliyo wazi, kila moja na jina na picha ya mwenyewe.

Jemedari hakuliona hilo. Macho yake yalikuwa ngomeni.

Chumba cha tatu alikivuka akitafuna ndizi. Chumba cha sita makarani waliacha vyakula vyao. Chumba cha tisa Naibu alijikuna shingo, akasema, "Mbona walinzi wenyewe kama wanakwenda msibani?"

"Ndivyo walivyo," alisema Mama Muhuri. "Wewe ulicheza na wahuni."

Alikuwa anaingia cha kumi na moja aliposikia sauti kutoka benchini.

"Samahani. Hilo la kushoto, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Ni mimi."

Alikuwa mkunga mstaafu. Kila wiki, kwa miezi minane, alikuja kuulizia barua ya kuthibitisha utumishi wake, na kila wiki Jemedari alimjibu kutoka dirishani kwamba faili halionekani. Alimjibu huku ameinamia karatasi, kwa sababu mwanamke huyohuyo ndiye aliyewapokea mapacha wake, ndiye aliyetoka chumbani usiku ule akamwambia, kaa kwanza, ni wawili.

"Bibi, nipe dakika chache," alisema Jemedari, bila kutoa macho kwenye kioo.

"Nimekupa miezi minane, Baba Mapacha. Ulisema halionekani."

"Lilikuwa halionekani."

"Sasa linaonekana. Mimi nina mtoto wa jicho, na naliona."

Benchi lote likaguna. Mama Muhuri alimwinamia Jemedari sikioni, akamnong'oneza kile alichokuwa akikijua mwenyewe: kila faili litakalofungwa litawapa walinzi nguvu. Mlango wa chumba cha kumi na moja ulikuwa wazi mbele yake. Kilikuwa kimebaki hicho na kingine kimoja tu. Dirishani upepo ulicheza na pazia, na kiti kilikuwa kitupu, kinasubiri kujua kitakuwa cha nani.

Jemedari akabonyeza kitufe cha kusimamisha vita.

"Chapisha la bibi," alisema. "Lipige muhuri, ulifunge."

Ilichukua dakika nne. Miezi minane, na kazi yenyewe ilikuwa ya dakika nne. Mkunga alipokea barua, akaisoma yote kwa sauti ndogo, akaikunja, lakini hakuondoka. Alitaka kuona vita vinaishaje.

Vita havikuendelea.

"Na mimi, lile la chini," alisema mzee mmoja, akisimama.

"Lile lenye picha iliyopinda, ni la marehemu kaka yangu."

"Songa kidogo, nami nione. Eh, ndilo hilo."

Mtu akapiga simu nje. "Njoo mbio, mafaili yametoka, yako ukutani." Naibu, ambaye hakuwa mjinga, alishatazama mashine, akatazama mafaili, akaelewa. Akawa mwungwana ghafla. Akafungua mlango mwenyewe, akawapangia watu foleni, akasema kwa sauti ya mkutano kwamba mwananchi kwanza. Makarani wote wakaingia kazini kwa pamoja, na Mama Muhuri alipiga muhuri hadi bega likamuuma. Saa ya chakula ikaisha na hakuna aliyeona. Kila watu kumi wakishahudumiwa, Jemedari aliruhusiwa kucheza kidogo, na kila akirudi alikuta walinzi wamepata afya.

Saa kumi kasoro, mafaili yaliyobaki yalikuwa kumi na moja. Jemedari alivuka chumba cha kumi na moja kwa jasho. Akafungua mlango wa kumi na mbili. Lilipita doa moja tu, kama nzi. Ngome ikawa nyekundu.

Jemedari akaachia mausi.

"Pole, mwanangu," alisema mkunga. "Ulikuwa unaenda vizuri mpaka tukaja."

Jumatatu Naibu alikaa dirishani, na Jemedari akapewa kiti chenye msumari. Mkuu wa ofisi alituma taarifa juu kwamba mafaili mia tatu na moja yalishughulikiwa kwa siku moja, jambo lisilopata kutokea, na kwamba hayo yote ni matunda ya laptopu mpya. Akaomba laptopu nyingine sita.

Jemedari hakukata rufaa kwa mdomo. Alikaa, akajikuna palipochomwa na msumari, akaandika barua safi, yenye aya tatu, akiomba ile kompyuta ya zamani itolewe stoo ili pambano lirudiwe katika uwanja wa haki. Akaipeleka mwenyewe kwa Mama Muhuri. Mama Muhuri akaigonga "Imepokelewa", akaiweka kwenye trei, chini kabisa.

Wiki ya tatu Jemedari alisimama mbele ya meza yake.

"Dada, ile barua yangu?"

Mama Muhuri aliinamia karatasi zake.

"Ipo kwenye mchakato, Jemedari."

Jemedari akarudi kitini, akakaa kwa uangalifu, upande mmoja. Siku ishirini na moja za kazi, alihesabu, zilikuwa bado sita. Akafungua faili, akaanza kusubiri, na katika kusubiri hakuna aliyewahi kumshinda.