Nyasi za Jumamosi

Kule Kaisho, kabla kigango hakijapata sakafu wala mabenchi, watu walisali juu ya nyasi. Ndivyo nyumba zote zilivyokuwa. Mgeni akitarajiwa, mama mwenye nyumba hutoa nyasi za zamani, hufagia vumbi, halafu hutandika mpya, laini, zenye harufu ya bondeni, ili mgeni akae asiumie. Na kanisa nalo ni nyumba, tena kila Jumapili lina mgeni. Kwa hiyo kila Jumamosi jua likiinama, wanawake wa kigango walishika mihoro yao wakashuka kukata nyasi kandokando ya mafunjo.

Zamani walikuwa saba. Walishuka wakiimba na kusengenya waume zao, wakapanda na mizigo kichwani wakiwa wamechoka kwa kucheka. Kisha ukaja mwaka ule bei ya kahawa ilipopanda. Watu wakaonja utamu wa baiskeli, wa bati juu ya nyumba, wa sukari kila siku. Wanawake wa nyasi wakapungua mmoja mmoja kama meno kinywani mwa mzee, hata akabaki Kokubanza peke yake.

Katekista Cassian alipenda kumtolea mfano. "Mtazameni Kokubanza," alisema Jumapili baada ya sala. "Dunia inapita mbele yake na shanga zake, yeye hageuki." Kokubanza aliinamisha kichwa, watu wakasema huo ndio unyenyekevu. Lakini hakuwa na la kusema, basi. Hakuwa akisikia kitu chochote moyoni, si cha dunia wala cha mbinguni, tangu siku alipomzika binti yake.

Joviana alikuwa na miaka tisa. Homa ilimshika Jumatatu, Ijumaa akazikwa nyuma ya migomba. Wanawake walimzunguka mama yake wakilia, wakimngoja naye alie, na yeye akauliza kama watu waliotoka Kimuli wameshapata chakula. Wakasema Mungu amempa nguvu. Hakuwa amepewa kitu. Alikuwa kama mtu aliyelalia mguu vibaya, anakanyaga nao asijue kama ni wake. Mguu wa namna hiyo huamka baada ya muda, ukachoma, ukapona. Alingoja. Mwaka ukaisha, na nusu mwaka mwingine juu yake.

Mumewe, Protase, alikuwa kibarua kwenye machimbo ya bati. Alikuja kila mwisho wa mwezi na mafuta ya taa, wakaongea habari za mbuzi na kibanja cha migomba, akaondoka. Watu nao waliacha kumwita Mama Joviana, kwa kumhurumia. Walimwita Kokubanza, kama msichana ambaye hajazaa.

Rozari aliisali yote, punje kwa punje. Maneno yalitoka mdomoni kama mahindi yanavyopukuchuliwa, yakaanguka yalikoanguka. Hilo aliweza kulivumilia. Kilichomtesa ni kwamba uso wa mtoto ulikuwa umempotea. Gauni alilikumbuka. Kovu la gotini alilikumbuka, na sauti ikifukuza mbuzi kwenye maharage. Uso, hapana. Na picha, nani alipigwa picha Kaisho siku zile?

Basi zilibaki nyasi. Mikono yake ilijua kazi hata moyo ulipokuwa hauko. Aliwaza, siku nikiulizwa nilileta nini, nitaonyesha mikono.

Mwaka huohuo wa kahawa, alikuja Egbert. Huyu alikuwa Mhaya wa kutoka Bukoba, kijana mnene mwenye maneno mengi, Mlutheri, akafungua duka kando ya barabara ya kupandia kigangoni. Alikuja na chumvi, majembe, vitambaa, na gramafoni. Sindano za gramafoni zilipatikana kwa shida, kwa hiyo aliipiga Jumamosi tu, jua likiinama, watu wanapotoka kupeleka kahawa. Ilikuwa saa ileile ya nyasi. Wale sita walioacha kushuka bondeni ndio waliokaa mbele kabisa. Na Kokubanza asingeweza kukata asubuhi, maana kiangazi kile kilikuwa kikali, nyasi zilizokatwa asubuhi zilifika Jumapili zimekuwa miiba.

Kwa miezi kadhaa alipita na mzigo wake mbele ya duka bila kugeuka. Wala haikuwa kwa kujizuia. Gramafoni ilikuwa kelele kama kelele za kunguru.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa nane. Kesho yake Padre Gaudiosus alikuwa anakuja kusoma Misa, baada ya miezi mitatu ya kutoonekana. Wafugaji walikuwa wamechoma bonde lote. Kokubanza alitembea ukingo mzima wa mafunjo akapata mahali pamoja tu penye nyasi mbichi, akakata zote, zikawa mzigo mmoja. Akapanda nao taratibu.

Alipofika dukani, gramafoni ilikuwa inaimba wimbo ambao hakuwahi kuusikia. Mwanamke aliimba kwa lugha asiyoijua. Alipomaliza ubeti hakunyamaza, alivumisha sauti tu kwa puani, bila maneno, akipanda na kushuka.

Kokubanza akasimama. Joviana alifanya hivyo. Akisahau maneno ya wimbo wa kanisani, hakunyamaza kama watoto wengine, alivumisha sauti kwa puani mpaka akakutana na neno analolijua.

Na uso ukaja. Ulikuja mzima, pengo la jino la mbele, nyusi zimepanda juu kama za mtu anayetaka kuuliza kitu.

"Shikamoo, mama!" Egbert aliita. "Mbona umesimama kama karani wa kodi? Karibu."

"Marahaba."

"Mwache huyo," alisema Felicitas, mmoja wa wale sita, aliyekuwa ametandaza miguu kwenye vumbi la barazani. "Huyo ni mali ya Padre. Akisikiliza santuri masikio yatamdondoka, na sisi ndio tutakaoyaokota."

Watu wakacheka. Kokubanza hakuwasikia vizuri.

"Anaimba nini huyo mwanamke?"

"Nani ajue?" Egbert alisema. "Mimi nauza chumvi, sijui kila lugha."

"Mrudishe."

"Sindano, mama! Sindano zinaisha!" Kisha akamtazama, akatazama mzigo. "Haya, kwa ajili yako. Lakini ona, wateja wangu wanakaa vumbini kama kuku, na wewe umebeba godoro kichwani."

Hakuna aliyemlazimisha. Aliutua mzigo mwenyewe, akaufungua mwenyewe. Akatandika vizuri kama alivyofundishwa na mama yake, kuanzia ukutani kuja mlangoni, vichwa vya nyasi vyote upande mmoja. Watu wakahamia juu yake wakisema aah. Egbert akazungusha mkono wa gramafoni. Kokubanza akakaa karibu kabisa na lile sanduku, na wimbo ukapigwa mara tatu, na mara zote tatu mtoto alikuja na pengo lake.

Kesho yake asubuhi watu waliingia kanisani wakapiga magoti juu ya nyasi za wiki iliyopita. Zilikuwa kavu, zimevunjikavunjika, vumbi likapanda, watoto wakapiga chafya. Kokubanza aliangalia kila uso, na hakuna aliyegundua. Cassian alipita akamwambia, "Umefanya kazi, dada," kama kila Jumapili.

Mwisho akaingia Bibi Kemilembe. Huyu alikuwa kipofu tangu ujana wake, na mahali pake palikuwa kwenye nguzo ya pili mkono wa kushoto. Alifika na fimbo yake, akaigusa nguzo, akainama akapapasa chini. Akarudisha mkono haraka.

"Nani amenihamisha?"

"Hujahamishwa, bibi," mtu akamwambia. "Ni palepale."

"Mahali pangu pana nyasi. Hapa wamelala mbuzi." Watu wakacheka chini kwa chini. "Mama Joviana yuko wapi? Anaumwa?"

Ni yeye tu aliyekuwa bado anamwita hivyo.

"Nipo, bibi," Kokubanza alisema.

"Upo?"

"Nipo."

Kikongwe akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka, akangoja aongezewe neno. Halikuja. "Haya," akasema. "Basi nishike mkono nipige magoti, na miiba hii ikinitoboa nitalia kama mtoto, mtaona aibu ninyi."

Kokubanza akavua kanga ya mabegani, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya magoti yale. Kisha akatoka nje.

Padre Gaudiosus alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya kanisa akiungamisha. Alikuwa ametoka mbali kwa baiskeli, kanzu yake imekuwa nyekundu kwa vumbi mpaka kiunoni. Kokubanza akapiga magoti kando yake.

"Padre, nyasi za kanisa nilizitandika kwenye gramafoni."

Padre alifikiri kidogo. "Gramafoni ya nani?"

"Ya Mlutheri."

Padre akakohoa, akajifuta midomo kwa kitambaa. "Nyimbo si dhambi, mama. Wala Mlutheri si dhambi. Nyasi zilikuwa za nani?"

"Za kanisa."

"Unajuta?"

Kokubanza akatafuta ndani yake, kama mtu anayepapasa mtungi kuona kama maji yamebaki. "Sisikii kitu, Padre. Tangu nimzike mwanangu, kanisani sisikii kitu. Nasali, sisikii. Napokea Komunyo, sisikii. Pale dukani nilisikia. Nilimwona uso wake."

Ndani Cassian alikuwa ameanzisha wimbo wa kungojea Misa, watu wanaufuata kivivu.

"Uso wa mwanao sina wa kukupa," Padre alisema mwishowe. "Nikikuambia utauona ukirudi humu ndani, nitakuwa nakudanganya. Labda utauona, labda hutauona. Lakini sikukuuliza unasikia nini. Jumamosi utakuwa wapi?"

"Sijui, Padre."

"Hapo umesema kweli." Akafikiri tena. "Basi kitubio chako ni Jumamosi moja. Hii inayokuja. Ile ya mbele yake usiitazame."

Akamwondolea dhambi, Kokubanza akarudi ndani. Alipokea Komunyo ulimi ukiwa mkavu. Hakusikia kitu.

Juma lile alichimba mashimo ya migomba. Jumatatu uso ulikuwa bado upo, akauangalia alivyotaka, akichimba. Jumatano pengo la jino halikuwa na uhakika, lilikuwa kulia au kushoto? Alhamisi zilibaki nyusi. Ijumaa alijaribu kuvumisha ule wimbo mwenyewe, kwa puani, ameinamia jembe. Ukatoka mwingine. Akajua kwamba kesho, akikaa kwenye gramafoni, atamwona mtoto mzima, na asipokaa, hata nyusi zitakwenda.

Jumamosi jua lilipoinama alichukua muhoro ukutani akashuka. Kule kulikochomwa, majani mapya yalikuwa yameanza kutoka, mafupi, ya kuokoteza. Alikata akiwa amepiga magoti kwenye matope, kiganja kwa kiganja. Mlio wa gramafoni ulimfikia bondeni kama mkwaruzo tu. Aliendelea kukata mpaka mzigo ukatosha.

Kulikuwa na njia nyingine ya kupandia, ya kuzungukia nyuma ya mibuni. Hakuifuata. Alipita barabarani, kwa kuwa ndiyo njia yake ya siku zote.

"Mama!" Egbert aliruka kutoka kwenye kiti. "Nimekutunzia sindano mpya. Haijagusa wimbo wa mtu yeyote. Tunaanza na ule wako."

"Umetuletea godoro jingine?" Felicitas alisema. "Lile la juzi tumelimaliza, limetuingia mpaka kwenye nguo."

"Hizi zina mwenyewe," Kokubanza alisema.

"Na zile za juzi hazikuwa na mwenyewe?"

"Zilikuwa naye."

Felicitas akasogea, akapiga kiganja chini kando yake. "Kaa basi, wimbo mmoja tu. Utue mzigo, nani atakuona? Nami nitakusaidia kutandika baadaye. Haki ya Mungu nitakusaidia."

Egbert alikuwa ameshaweka sindano. Mwanamke akaanza kuimba. Kokubanza alisimama na mzigo kichwani, maji ya bondeni yakimtiririka shingoni, akisikiliza ubeti ukielekea mwisho. Alijua kinachofuata. Kabla hakijafika akainua mguu, akaondoka.

Mvumo ule wa puani ukamkuta mgongoni. Uso ukaanza kuja, paji, kisha nyusi zile. Hakugeuka wala hakupunguza mwendo. Njia ilipokata kona kwenye mibuni sauti ikakatika, na uso ukaishia ulipoishia.

Kanisani alitoa nyasi kuukuu akazitupa nje, akafagia, akanyunyiza maji vumbi litulie. Alianza kutandika kwenye nguzo ya pili mkono wa kushoto. Pale aliweka tabaka juu ya tabaka, akabonyeza kwa kiganja kuona kama patafaa kwa magoti ya mzee. Kwingine zilikuwa haba, akazitawanya zienee. Alipomaliza alipiga magoti akasema Baba Yetu mpaka mwisho. Akangoja kidogo. Kuku wa katekista walikuwa wanaparua nje. Hakikuja kitu.

Akavuta mlango wa mafunjo mbuzi wasiingie, akaenda nyumbani kumenya ndizi.

Jumamosi iliyofuata, ile ambayo Padre alimwambia asiitazame, Felicitas alipita kumwita waende wote dukani. Alikuta moto umefukiwa majivu na mlango umerudishwa. Muhoro haukuwapo ukutani.