Siku Niliyovaa Suti Mbele ya Bodi

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba faili langu lilipotea. Niliwaambia akina mama wa usharika, wakaliombea. Nilimwambia mchungaji, naye akalitaja Jumapili katika maombi, baada ya wagonjwa na kabla ya wasafiri. Nilimwambia kaka yangu na binti yangu, na kwa kuwa nimesoma mpaka chuo kikuu, nilikuwa na maneno mazuri ya kuisimulia habari hiyo: urasimu, uzembe, mfumo. Leo nasema mbele yenu mnaosoma: faili halikupotea hata siku moja. Lilikuwa kwenye kabati la chuma, palepale lilipotakiwa kuwa. Pensheni yangu ya ulemavu ilichukua miaka mitatu kutoka. Miaka miwili waliichelewesha wao, nami nitawapa haki yao. Mwaka mmoja niliuchelewesha mimi.

Kabla ya kuugua nilikuwa ofisa uhusiano wa kiwanda kimoja cha umma hapa Arusha. Niliandika jarida la kiwanda, ambalo wasomaji wake walikuwa mimi na mpiga chapa. Nilivaa viatu virefu. Nilikunywa chai ya sukari vijiko vinne. Muuguzi wa zahanati ya kiwanda aliponipima akaniambia presha yangu iko juu sana, nilimjibu kwamba mwandishi asiye na presha hana habari. Jibu hilo lilinifurahisha mchana kutwa. Vidonge alivyonipa nilivimeza wiki mbili, nikaona vinanipeleka chooni kila mara, nikavitupia kwenye droo ya meza.

Ilikuwa miaka ile viwanda vinauzwa. Kila baada ya siku chache walikuja wageni, wakatazama mashine, wakagonga ukuta, wakaondoka. Kazi yangu ilikuwa kuwatembeza na kuwaeleza wafanyakazi kwamba ubinafsishaji ni mzuri kwa wote. Siku moja nilikuwa katikati ya sentensi hiyo, ofisini kwa meneja, ulimi ukagoma. Niliona watu wananitazama mdomo. Mate yalikuwa yananitoka upande wa kushoto. Nikataka kuyafuta, mkono haukuja. Nikautazama, umelala juu ya meza kama kitu alichosahau mtu mwingine. Kisha mguu nao ukaniacha, nikaanguka, nikajikojolea kwenye zulia la meneja.

Nimesikia shuhuda nyingi za kiharusi, na wengi wakifika hapo kwenye zulia huruka. Mimi siruki. Aliyepita hapo ajue kwamba hakupita peke yake.

Nililala hospitali wiki sita. Daktari aliniuliza kama nilijua nina presha. Nilitaka kumwambia sikujua, lakini mdomo ulikuwa umepinda kiasi kwamba hata uongo haukupita. Akasema, "Mama, kutembea utatembea. Maneno yatarudi. Mkono, tusubiri." Wifi yangu alininywesha mtori wa ndizi kijiko kwa kijiko, na nusu yake iliishia kwenye kanga. Nilivalishwa nepi. Nilijifunza kusema "maji" upya, halafu "Neema", jina la binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa anaingia kidato cha kwanza.

Maneno yalirudi, kama mnavyoona, na zaidi ya yanayohitajika. Mguu ulirudi nusu: natembea, ila unaburuza vumbi la mtaa wetu wa Sombetini kama unalifagia. Mkono haukurudi. Mtaalamu wa mazoezi alinipa kazi ya kupukuchua mahindi kila asubuhi. Nilipukuchua debe kwa debe, mkono wa kulia ukifanya kazi na wa kushoto ukihudhuria.

Nikiwa bado wodini, kiwanda kiliuzwa. Wenzangu waliitwa ukumbini wakaambiwa ajira zao zimekwisha, wakalia, wakafarijiana, wakaenda kufuga kuku. Mimi nilipunguzwa kazi nikiwa nimelala. Barua aliniletea dereva, akaiweka chini ya mto, akaniambia, "Pole, mama. Mbili kwa mpigo."

Kaka yangu Elia alikuja kutoka Machame na mkungu wa ndizi na uamuzi. Tungehamia kwake. "Chumba cha nyuma kipo," alisema. "Shangazi alikaa pale vizuri tu."

Shangazi alikaa pale miaka tisa. Naye alipooza. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunapelekwa kumwamkia: unasimama mlangoni, unasema shikamoo shangazi, yeye anaitikia kutoka gizani, halafu unapewa ruhusa ya kwenda kucheza. Wageni walioneshwa migomba, walioneshwa ng'ombe wa maziwa, kisha wakaoneshwa shangazi. Kilichokuwa mezani kwangu kilikuwa hicho: ama pensheni, ama kile chumba.

"Nasubiri mafao yangu," nilimwambia Elia. "Nimechangia mfuko wa pensheni miaka kumi na minne. Yakitoka, mimi na Neema tunakaa hapa hapa."

Fomu ilikuwa na sehemu tatu: yangu, ya daktari na ya mwajiri. Mwajiri hakuwepo tena duniani. Nilikwenda kiwandani, mlinzi akamwita bwana mmoja wa wamiliki wapya, naye alinisikiliza kwa adabu. "Mama, sisi tumenunua mashine," alisema. "Watu hawakuwemo." Nikaelekezwa kwa mfilisi, aliyekuwa Dar es Salaam, na aliyekuja Arusha mara moja kwa miezi kadhaa kama kimondo. Mara ya kwanza alikuja bila muhuri. Mara ya pili alikuja na muhuri, bila wino. Mara ya tatu aligonga, na nilimshukuru kwa sauti iliyomwaibisha.

Ofisini kwa mfuko nilihudumiwa na dada mmoja aitwaye Halima. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, mwenye subira, na hakuwa na uwezo wa kuamua jambo lolote. "Faili liko Dar, mama." "Limerudi Dar, sasa linasubiri saini." "Anayesaini yuko semina." Nilimchukia Halima kwa sababu ndiye niliyekuwa namwona.

Hatimaye niliitwa mbele ya bodi ya madaktari, watu watatu, ambao wangeamua kama nimekuwa mlemavu kiasi cha kulipwa. Hapa ndipo pale nilipokuwa naruka mimi.

Mimi nililelewa kwamba ofisini huendi ovyo. Mama yangu alikuwa akienda kwa katibu kata amevaa nguo ya Krismasi. Basi asubuhi ile Neema alinivalisha suti ya bluu niliyoshonesha kwa ajili ya mkutano fulani wa kimataifa. Alinifunga vifungo saba. Nilikuwa nimesukwa jana yake. Mkono wa kushoto niliuchukua na wa kulia, nikautia kwenye mfuko wa koti, ukakaa humo kama wa mtu mwenye nafasi yake. Nilikwenda kwa teksi ili mguu usichoke, nikatembea hatua kumi tu kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, taratibu, kama mgeni rasmi.

"Habari za nyumbani, mama?" akauliza daktari wa katikati.

"Njema kabisa, daktari."

"Unaendeleaje?"

"Vizuri sana, namshukuru Mungu."

"Kazi ndogo ndogo unafanya?"

"Zote."

Wallahi nilisema zote. Mlutheri mimi, nimeapa. Wa pembeni akaniuliza kuhusu kiwanda, nami nikamchambulia sera ya ubinafsishaji kwa dakika kumi, Kiswahili na Kiingereza. Wakacheka pale nilipotaka wacheke. Mmoja akasema, "Huyu angefaa kuwa mwenyekiti wetu." Nilitoka nimenyooka. Kwenye ngazi nilishindwa kushuka, nikakaa, na Neema akaniinua.

"Umewaonesha mkono?" aliniuliza.

"Wao ni madaktari," nilimjibu. "Wameona."

Jibu lilichukua miezi saba. Halima alinisomea kwa sauti ya chini: nina uwezo wa kurejea kazini. Kazi yenyewe ilikuwa imeuzwa pamoja na meza yake, na droo yake, na vidonge vyangu humo ndani.

Elia alipopata habari alinitumia ujumbe kwa mtu wa Machame: Desemba ya mwakani, shule zikifungwa, nakuja na pikapu. Nami nikaanza kusema faili limepotea. Ilikuwa rahisi kuliko kusema kwamba niliwadanganya madaktari kwamba mimi ni mzima, na wakaniamini.

Aliyenivua uongo huo ni jirani yangu, Mama Naserian. Yeye ni Mwarusha, anafuga ng'ombe wanne nyuma ya nyumba, na hajawahi kuogopa ofisi kwa kuwa hajawahi kuiheshimu. Alikuwa amekuja kuniletea maziwa, akanikuta nawaeleza akina mama wawili wa usharika jinsi serikali ilivyopoteza faili. Akasubiri waondoke.

"Faili gani limepotea?" akasema. "Mimi nilikuona siku ile. Ulitoka hapa umevaa kama bibi harusi."

"Nilikuwa naenda mbele ya madaktari, Mama Naserian. Ulitaka niende na kanga?"

"Mimi ng'ombe wangu akiumwa, namwita daktari wa mifugo. Simwogeshi. Simpaki mafuta. Namwambia, tazama, hali majani, ananya damu. Wewe ulikwenda kumwambia daktari kwamba ng'ombe anacheza."

"Mimi si ng'ombe."

"Ndiyo maana. Ng'ombe angesema kweli."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilimwita Neema, nikamwomba aniletee karatasi, nikaandika rufaa. Niliandika mistari minne tu, kazi ngumu kwa mtu wa aina yangu: siwezi kujivalisha, siwezi kukata nyama, siwezi kupiga taipu, binti yangu ananiosha. Niliposoma mstari wa mwisho, Neema alikuwa nyuma yangu. Akasema, "Weka na kwamba unaanguka bafuni." Nikaweka.

Rufaa ilikwenda Dar. Ilikaa. Anayesaini alihamishwa, aliyekuja mahali pake akataka nakala ya cheti cha ndoa ambacho sina, kwa kuwa sikuolewa, na ilibidi niandike barua ya kuthibitisha kwamba jambo ambalo halikutokea halikutokea. Ofisi ikapakwa rangi, mafaili yakatolewa nje, yakarudishwa kwa mpangilio mwingine. Mwaka wa pili uliisha hivyo na wa tatu ukaanza hivyo. Presha yangu ilipanda, nikameza vidonge, safari hii vyote, siku kwa siku.

Mara ya pili mbele ya bodi nilikwenda na ndala na gauni la nyumbani. Madaktari walikuwa wale wale, ila mmoja. Wa katikati alinikumbuka, akatabasamu. "Karibu, mwenyekiti. Unaendeleaje?"

Sijui kama mnaelewa ugumu wa swali hilo kwa mtu wa kwetu. Mtu akikuuliza hali, hata kama umefiwa, unasema nzuri kwanza, halafu msiba unafuata polepole mlango wa nyuma. Nilitazama sakafu.

"Vibaya," nilisema. "Naendelea vibaya."

Tabasamu likamtoka. Akazunguka meza, akaketi karibu yangu, akaushika mkono wangu wa kushoto, akauinua, akauachia. Ulianguka. Akafungua kifungo kimoja cha gauni langu, cha juu. "Kifunge, mama. Huo mwingine usisaidie."

Nilijaribu. Sikuigiza, ingawa nilikuwa nimejiambia njiani kwamba ikibidi nitaigiza kidogo. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote, kwa kuwa hata pale bado kulikuwa na kipande changu kilichotaka kuwaonesha kwamba ninaweza. Vidole havikujua hata kwamba vinaitwa. Jasho lilinitoka, mate yakanitoka. Daktari alisubiri muda mrefu, kisha akanifunga kifungo mwenyewe, akarudi kwenye kiti chake, akaandika bila kunitazama.

Baada ya hapo tulingoja miezi mingine mitano. Desemba ilikuwa inakuja. Neema alianza kufunga vitabu vyake kwa kamba, kimya kimya, nami nikajifanya sioni.

Wapo watakaosoma haya wakiwa na fomu mkononi. Kwao nina maneno machache. Mezeni vidonge. Ukienda bodi, acha suti kabatini, na kama ni mgonjwa sema ni mgonjwa. Heshima yako haikai kwenye vifungo. Fuatilia, kwa maana faili lisilofuatiliwa hulala. Na yule wa dirishani usimchukie. Mara nyingi naye anangoja kama wewe. Namshukuru Mungu, namshukuru Neema aliyeniosha bila kunisema, na namshukuru Mama Naserian, ingawa sijamsamehe sana.

Simu ilipigwa duka la Mangi, ambalo ndilo lililokuwa na simu mtaani kwetu, wiki ambayo shule zilifungwa. Mke wa Mangi aliita kupitia uani: "Mama Neema! Simu! Watu wa mfuko!" Nilikwenda niwezavyo. Nilipofika, watu watano walikuwa wamekwishajua inatoka wapi, na Mangi alikuwa ameshika mkonga kwa mikono miwili kama ana mtoto.

"Mama, ni Halima," sauti ilisema. "Barua itakuja, lakini nimeona nikwambie mwenyewe, zisije zikapita wiki. Bodi imekubali. Wameandika ulemavu wa kudumu."

"Sema tena."

"Wa kudumu, mama. Hurudi tena bodi. Mwezi ujao unaanza kulipwa, na malimbikizo yapo."

Mangi akanong'ona, "Wanasemaje?" Nikaweka mkonga kifuani. "Wanasema mimi ni mlemavu wa kudumu," nikawaambia, na mke wa Mangi akapiga vigelegele, na wenzake wakapokea.

"Kuna harusi huko?" Halima akauliza.

"Hapana. Ni mimi."

"Basi hongera, mama. Uje na picha mbili ndogo."

Nilimwomba asikate simu. Nilitaka tu awepo pale, upande wa pili, mpaka nimalize.

"Lia tu, mama," Halima alisema. "Mimi niko kazini mpaka saa tisa na nusu."