Tairi la Mwalimu

Baiskeli yangu ilikaa kwa fundi wa Bugembe mpaka kuku wakazoea kulala juu yake. Kila nikienda, fundi hunijibu kwa Kisoga kama anavyomjibu bibi yeyote, macho yake kwenye chai: "Jjajja, tairi hakuna. Rudi kesho." Nami ndizi zangu zinaiva nyumbani, na soko liko Jinja.

Juzi nilichoka, nikamwambia kwa Kiswahili nilichookota sokoni: "Wewe, nataka baiskeli yangu sasa."

Siku hizi kwetu Kiswahili ni lugha ya wanajeshi; bibi kizee akikisema, watu hudhani mwanawe ni askari. Fundi akaruka, akanipa kigoda chake. "Kaa, mama ya afande." Akang'oa tairi la mwalimu aliyekuwa akingoja palepale, akalifunga kwenye baiskeli yangu.

"Mrudishie mwenyewe," nikasema. "Mimi sina mtoto jeshini."

Fundi akatabasamu kama mtu anayetegwa. Mwalimu ndiye aliyejibu, kofia mkononi: "Chukua tu, mama. Mimi napenda kutembea."

Kumbe duka lile lina wateja wa namna mbili: wa kudharauliwa na wa kuogopwa. Nikaamuru tairi lifunguliwe, nikaliacha chini, nikaenda zangu. Nasikia mpaka leo hakuna aliyethubutu kuliokota.