Sanduku la Muziki la Fundi Majeneza

Jua la asubuhi limeshaingia sebuleni, na fundi anazunguka sanduku lililofunikwa shuka. Limesimama wima, kimo cha mtu mzima. Analigonga ubavuni, anasikiliza, anapitisha msasa kidogo kwenye kona. Mlangoni wamesimama majirani watano, na hakuna hata mmoja anayevuka kizingiti.

"Karibuni ndani, jamani," anawaambia.

"Hapa hapa panatutosha," anajibu mmoja wao, fundi bomba, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango.

Mwenye sanduku, mtaa mzima unamwita Futi Sita. Kwa miaka kumi na tisa ametengeneza majeneza, na wengi wa waliosimama mlangoni ndugu zao wamezikwa kwa kazi ya mikono yake. Wanamheshimu sana. Ila wakimwona anakuja na futi yake ya kupimia, ghafla wanakumbuka wameacha chungu motoni.

"Nimechoka kutengeneza masanduku ambayo watu wakiyaona wanalia," anasema. "Nikasema ngoja na mimi nitengeneze moja la kuwafurahisha kabla sijazeeka."

Sanduku lenyewe ni la muziki: unagusa jina la wimbo kwenye kioo, linakupigia. Kompyuta aliinunua ikiwa kuukuu, skrini ya kugusa ilitoka kwenye mashine ya duka lililofungwa, na spika ni za redio ya baba mkwe wake. Mbao ni zile zile zake za kila siku, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Maana mkono wa fundi umeshazoea. Mabega ya sanduku yamekatwa mshazari, pembeni kuna vishikio vinne vya shaba, na nyuma ya spika ametandika satini nyeupe. Mwandishi wa habari hii alipoonyeshwa kwa mara ya kwanza alirudi nyuma, na haoni aibu kusema hivyo.

Alipoulizwa vishikio ni vya nini kwenye kitu cha muziki, Futi Sita alilishangaa swali. "Sasa siku ya kuhama mtalibebaje?"

Tena vishikio ni jambo dogo. Kubwa ni vipimo. Ili ajue skrini ikae kimo gani, alipita mlango kwa mlango akiwapima majirani kutoka unyayo hadi begani. Walipouliza ni vya nini, akajibu kwamba ni siri. Alikuwa na wasiwasi fundi mwenzake wa barabara ya pili asije akamwibia wazo.

"Mtengeneza majeneza anakupima, halafu anakwambia ni siri, utaona mwenyewe!" anasema muuguzi mstaafu wa chumba cha jirani, ambaye wote humwita Sista. "We ungelala? Mimi nilikwenda kupima presha siku ile ile."

Tangu hapo maneno hayakwisha. Wapo waliosema amepewa oda ya majeneza ya nyumba nzima. Wapo waliodai sanduku linapumua, kumbe ni feni ya kompyuta. Mwandishi huyu naye aliombwa asimame apimwe, akasema ana haraka.

Aliyeumia zaidi ni mkewe, msusi, maana sebule hiyo ndiyo saluni yake. Wateja sasa wanasukwa kwingine. Viti viwili viko vitupu, na kitana kimelala juu ya taulo kavu.

"Nampenda mume wangu, ila nimemwambia wazi," anasema. "Leo ikipita hakuna aliyeligusa, alivunje, mbao zirudi kwenye majeneza. Nifanyeje?"

Futi Sita anasikia, anajifanya hajasikia. Anavuta shuka. Skrini inawaka, majina ya nyimbo yanajipanga.

"Guseni wimbo wowote," anasema. "Nawaomba."

Fundi bomba anaangalia dari.

Ndipo Sista anapojitosa, mwiko mkononi, kwani alitoka jikoni mbio asipitwe na jambo. Anabonyeza kioo kwa ncha ya mwiko. Kimya. Anabonyeza tena, kwa nguvu.

"Mnaona? Limekataa! Nilijua tu humu kuna kitu."

"Halijakataa, Sista. Halisikii mbao. Linataka ngozi ya mtu aliye hai."

Mlangoni wanabaki watu wawili.

"Hayo maneno si ungeyameza tu, baba," mkewe ananong'ona.

Sista anamtazama fundi, anatazama vishikio, anatazama satini. "Nikianguka hapa, mjue ni huyu," anawaambia wa mlangoni. Ananyoosha kidole kama anayejaribu pasi ya moto, anagusa.

Magitaa na tarumbeta vinalipuka sebule nzima. Sista anaruka nyuma, ameshika kifua, kisha kiuno kinaanza kuitika chenyewe. "Ala! Huu si ndio tuliokuwa tunaucheza tukisomea uuguzi?" Waliokimbia wanarudi mmoja mmoja. Fundi bomba anapenya katikati yao: "Nipisheni, na mimi nichague wangu."

Wimbo ukiwa katikati, Sista anasimama ghafla. Wasiwasi umemrudia. "We Futi Sita, mbona kioo kimelingana na bega langu hasa?"

"Wewe ndiye mfupi kuliko wote. Ukifika wewe, kila mtu anafika."

Sista anagusa wimbo mwingine.

Pembeni, fundi anafuta macho kwa ile shuka bila kujificha. "Niliowapima miaka yote hii hawakuwahi kuniuliza kitu," anasema. "Hawa wamenisumbua kwa maswali mpaka basi. Nimefurahi, nimefurahi kweli."

Mkewe anamwita mteja wa kwanza akae kitini. Futi Sita naye tayari anaota sanduku la pili, la mgahawa wa kona. Anaapa safari hii hataweka vishikio, kisha anasema labda viwili. Anatoa futi mfukoni, anamgeukia fundi bomba, aliye mrefu kuliko wote.

"Kimo changu nitakutajia kwa mdomo," anasema fundi bomba bila kuacha kucheza. "Hiyo futi irudishe mfukoni."