Jino Lililolala Ndani ya Mfupa

Wifi yangu Martina si mtu wa makelele. Makelele ni yangu mimi, Suzana, na mtaa wetu wa Nyahanga, hapa Kahama, wote unajua. Yeye huamka, akakata viazi vitamu, akaanika michembe kwenye turubai, akaenda kuuza. Mumewe, kaka yangu Samwel, yuko Geita, anashinda duarani chini ya ardhi akitafuta dhahabu, na simu yake hupatikana Mungu akipenda. Nyumba anaibeba Martina. Mama yetu mzazi, Mageni, alihamia kwao kutoka Didia kumsaidia kulea kitindamimba, Luka.

Limi, binti yao mkubwa, alikuwa anacheka amefunika mdomo. Meno yake ya chonge ya juu hayakuwahi kuota, na wenzake shuleni walimwita kibibi. Tungeacha tu, wangapi huku kwetu hawana chonge? Mimi mwenyewe sina. Ila mwaka huu jino lake la mbele likaanza kutikisika, jino zima, jeupe, halina hata tundu. Binti wa kidato cha pili abaki kibogoyo? Martina akaacha biashara, akatafuta daktari wa meno Shinyanga mjini.

Asubuhi ya safari, Luka aliamka na homa na kuharisha. Mama yetu akamfunua mdomo, akapitisha kidole kwenye ufizi.

"Umevimba," akasema. "Vyeupe vinaonekana. Nendeni tu, mayo, mama yangu, mimi nipo."

Martina alisita mlangoni, mkono kwenye kitasa. Kisha akambusu mtoto, tukaondoka.

Dokta Telesphori, kijana mpole, alimpiga Limi picha ya eksirei ya kinywa kizima, akatuonyesha. Nilitegemea kuona meno yamejipanga kama punje za mahindi. Lo! Juu kabisa, ndani ya mfupa, kulikuwa na jino limelala ubavu, ncha yake imeelekea mzizi wa lile la mbele. Kitu kimejificha ndani ya uso wa mtoto miaka yote hii, na sisi tunamwambia acheke!

"Hili ndilo chonge lake," dokta akasema. "Limekwama, na linaula mzizi wa jino la mbele. Ndiyo maana linatikisika."

Alitaka picha nyingine, ajue kama limelala mbele ya mizizi au nyuma yake. Akishajua, watafungua ufizi, wabandike kicheni kidogo kwenye jino, walivute polepole kwa waya mpaka lishuke mahali pake. Limi akatabasamu bila kujifunika. Lakini upande wa pili hapakuwa na la kuvuta. Palikuwa na kijipande kimepinda tu.

Dokta akakitazama sana kile kijipande.

"Mama Limi, huyu alipokuwa mchanga, kuna mtu alimchokonoa ufizi?"

"Alitolewa meno ya plastiki," Martina akajibu bila wasiwasi. "Alikuwa na homa, anaharisha. Si wanatolewa wote?"

"Hakuna meno ya plastiki, mama. Kile cheupe ni jino changa lenyewe. Wanalichimba, wanaliumiza na la ukubwani lililo jirani yake. Huyu wenu ana bahati. Wengine wanachimbwa kwa spoku ya baiskeli, wanaishiwa damu, wanaingiwa na sumu..."

Martina hakumsikia tena. Alikuwa ananitazama mimi.

"Wifi," akasema. "Luka."

Nikampigia mama simu. Mama akapokea haraka, sauti yake ina furaha.

"Mama, usimpeleke mtoto kwa mtu!" nikapayuka.

"Unapiga kelele za nini? Mzee wa kutoa meno amekuja hapa hapa nyumbani, ameshaondoka. Yametoka mawili. Mtoto amelala, hata hasumbui."

Barabara ya Kahama sijawahi kuichukia kama siku ile. Kila kituo basi lilisimama, watu wakapakia magunia na kuku. Martina alikaa mbele yangu, maziwa yamelowesha blauzi. Nilitaka kumpiga dereva.

Luka alikuwa hai tulipofika. Mama alimnyanyua kutupokea, anajivunia, na kitambaa chini ya kidevu cha mtoto kilikuwa kimelowa damu. Ziwa alilikataa. Tukamkimbiza hospitali, wakamwongezea damu, wakamchoma sindano, nasi tukasali rozari mpaka sauti zikakauka. Alfajiri akatutoka.

Nilimwambia mama yangu maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Sikuyafuta. Baada ya matanga, watu walipokwisha kutawanyika, mama alimwita Limi.

"Nasikia una picha. Niletee."

Limi akaitoa kwenye bahasha, akaiinua kwenye jua. Bibi yake akasogea, macho yake hayaoni vizuri, kidole kinatafuta juu ya karatasi ile nyeusi.

"Ni lipi?"

"Hili, bibi. Lililolala."

Akalishika kwa kidole.

"Na Luka," akauliza, "naye alikuwa nalo?"

"Alikuwa nalo, bibi. Vile vyeupe vilikuwa meno."