Vifaranga Hawakuwa na Njaa

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, mjukuu wangu, nilicheka peke yangu ukingoni mwa bwawa, na kicheko kile nikikikumbuka mpaka leo natamani kujizaba kofi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Mbozi, na mbele yangu vifaranga wa samaki aina ya perege walikuwa wamejaa juu ya maji, wanafungua midomo na kufumba, wanafungua na kufumba. Nikasema, "Jamani, wameamka na njaa hawa!" Nikakimbia nyumbani kuchukua beseni la pumba.

Nakusimulia haya kwa sababu kesho unapanda basi hapa Tunduma kwenda pwani kulea majongoo bahari. Uliponionyesha picha zao kwenye simu nilidhani unanionyesha mavi ya mbuzi, ukacheka hadi ukakaa chini. Bahari yenyewe sijaiona, na kwa magoti haya sidhani kama nitaiona. Lakini umesema ni watoto wachanga, wadogo kama punje za mchele, wanalelewa kwenye matangi, na kazi yako itakuwa kuwapa unga wa mwani. Hapo ndipo nami nina la kusema. Kulisha kiumbe cha majini kisichojua kulia, hilo nimelifanya, tena nimelikosea vibaya.

Bwawa lile lilikuwa la shangazi yangu Tabitha, kule upande wa Mlowo. Mumewe alipofariki alimwachia shamba la kahawa na bonde dogo lenye kijito. Shangazi akang'oa mibuni ya bondeni, ile iliyozeeka, akachimba bwawa kwa jembe na sepetu, mimi nikimsaidia. Loo, maneno tuliyoyasikia! Shemeji yake, Mzee Yohana, alisimama kwenye kikao cha ukoo akasema mibuni ya marehemu kaka yake imeng'olewa ili watu wafuge vyura. Wazee wakakata shauri: Krismasi ikifika bila samaki wa kujaza sufuria ya ukoo, bwawa lifukiwe, na bonde liende kwa Mzee Yohana. Na maji yote ya shamba lile yalikuwa bondeni. Bila bonde, shangazi angebaki na kilima kikavu, mboga za kiangazi angezisikia kwa majirani.

Vifaranga tuliletewa na Mzee Siwale wa Ndalambo, mtu mfupi, mpole, aliyefuga samaki kabla wengi wetu hatujajua kwamba samaki hufugwa. Aliwaachia majini taratibu, kisha akanikabidhi kikombe cha bati. "Nusu kikombe cha pumba jua likishapanda, nusu nyingine alasiri. Siku ya baridi kali, punguza. Wakibakiza, usiongeze."

Nikaitikia, "Ndiyo, babu," huku moyoni namwona mchoyo. Unajua kwetu, mgeni akisema ameshiba haaminiwi mara ya kwanza. Unamwongezea, anakataa, unamwongezea tena. Na mama anasifiwa kwa mtoto mwenye tumbo linalong'aa. Sasa mimi niwape wageni waliotoka Ndalambo nusu kikombe? Nitaonekanaje?

Basi nikawa naongeza, shangazi akiwa juu anachuma kahawa. Kwanza kiganja kimoja, halafu kikombe kizima. Na sifa nazo zikaniingia. Jumapili watu wakitoka kanisani walipita kutazama, nami nikawa namwaga pumba ili samaki waje juu, watu washangae, waseme, "Huyu binti anajua kufuga!" Siku aliyokuja Mzee Yohana baridi ilikuwa imekaza, na samaki hawakupanda. Akaguna, "Mbona mimi sioni kitu?" Nikaona aibu, nikamwaga beseni zima. Hata mmoja hakujitokeza. Akaondoka anatikisa kichwa.

Baada ya siku mbili ndipo ikafika ile asubuhi ya midomo. Nikawamwagia tena. Hawakula. Pumba ilielea katikati yao, na nikiwa bado nashangaa, mmoja akageuka tumbo juu. Kisha wa pili. Kisha sikuweza kuhesabu. Nikapiga kelele, "Shangazi wee! Njoo! Wanakufa!"

Mungu ni mwema, Mzee Siwale alikuwa amelala Mlowo kwa ndugu yake, akaitwa. Hakunigombeza. Alikunja suruali, akaingia kwenye maji yale ya baridi, akachota tope la chini kwa kiganja, akanisogezea puani.

"Nusa."

Lilinuka kama yai viza.

"Hiki ndicho chakula chako cha wiki nzima," akasema. "Maji yakipoa, samaki hali sana. Alichobakiza kimezama, kimeoza, na kile kuoza kumemaliza hewa ya majini. Hawakuwa wanaomba chakula, binti. Walikuwa wanatafuta pumzi, nawe ukawaongezea kilekile kinachowaua."

Tulifungua mfereji wa kijito, maji mapya yakaingia na mabaya yakatoka. Tukachota kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu ili yashike hewa, tukachota na kumwaga, hadi mabega yakawaka moto. Mchana waliobaki wakaacha kuhema, wakatawanyika. Karibu nusu walikuwa wamekufa.

Sasa sikia ujinga wangu wa pili, ambao ungeshinda ule wa kwanza. Nilianza kuwakusanya waliokufa kwenye kitenge, nikawafukie migombani kabla Mzee Yohana hajapata habari. Shangazi akanishika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa kavu kabisa. "Waache hapo ukingoni. Aliyewaua ataeleza mwenyewe. Mficha uchi hazai."

Mzee Yohana akaja, akaona, wala hakulificha tabasamu. "Si nilisema? Bonde hili halina maji ya samaki."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nikasema, "Baba, bonde halina kosa. Shangazi naye hana kosa. Nimewaua mimi, kwa kuwalisha kupita kiasi, nikitaka wewe uwaone." Nikamshikisha lile tope, akalinusa. Nikamwonyesha na waliobaki, wanaogelea vizuri kwenye maji ya bonde lilelile alilolisema vibaya.

Akatutazama mimi na shangazi. Ningesema tu kwamba wamekufa na sijui kwa nini, angelichukua bonde siku ileile, na nani angembishia? Lakini kosa lilikuwa limepata mwenyewe, na maji yalikuwa yameonekana hayana hatia. "Haya," akasema hatimaye. "Tutaonana Krismasi."

Miezi iliyofuata nililisha kwa kikombe cha Mzee Siwale. Siku za baridi nilikaa ukingoni mikono mitupu, na nakuambia, kukaa mikono mitupu mbele ya kiumbe unayempenda ni kazi nzito kuliko kupalilia ekari nzima. Waliobaki, kwa kuwa walikuwa wachache, wakanenepa. Krismasi tuliwavua mbele ya ukoo wote, sufuria ikajaa. Mzee Yohana alikula kichwa cha perege, akanyonya miiba mmoja mmoja, hana haraka, watu wote wanamngoja. Kisha akafuta vidole akasema, "Shemeji, bonde ni lako." Shangazi alijifunika uso kwa kanga, akalia palepale mbele ya wageni. Alikaa na bonde lile hadi Mungu alipomchukua.

Basi shika haya, mwanangu. Kabla hujawapa hao watoto wa jongoo unga wao, tazama kwanza mchanga wanaolalia. Kama chakula cha jana bado kipo, cha leo kisubiri. Yanuse maji kila siku, hata wenzako wakikuona mshamba wa kutoka bara. Usilishe kwa sababu bosi amekuja na wageni, wala kwa sababu umewaonea huruma, maana huruma isiyo na kipimo mimi niliiona ikielea tumbo juu. Watu wa kule wanajua mengi kuliko bibi yako, kwa hiyo uliza, na ukiambiwa kipimo usikidharau kwa udogo wake. Kuuliza si ujinga. Na siku utakayokosea, kwa sababu utakosea, mwendee mkubwa wako kabla yeye hajakujia. Mwambie, "Ni mimi," na umweleze ulivyofanya. Aibu utaiona siku moja, lakini kilicho hai kitapata mtu wa kukiokoa. Wala sina wasiwasi na wewe. Una subira ambayo mimi umri wako sikuwa nayo hata chembe, na hili silisemi kwa kukupendelea.

Nenda salama. Mungu anayetutunza huku kwenye baridi ndiye huyohuyo mwenye bahari nisiyoijua. Akutangulie, akupe macho ya kuona kisicholia, aibariki mikono yako inapotoa, na aibariki zaidi inapojizuia.