Moto Niliouambia Usubiri

Nilikuwa mkalimani katika zahanati moja ndogo nje ya Kashikishi, kwa ajili ya Wakongo wenzangu wasiojua Kibemba. Siku ya mafunzo ya kuzima moto, mkufunzi alituuliza: mkiona moto, mtapiga kelele ya neno gani? Nikanyoosha mkono haraka. "Moto," nikasema. Akaliandika ubaoni, nami nikarudi nyumbani nikijiona profesa.

Kumbe nilikuwa nimejipalia makaa. Kwetu, mtoto mwenye homa tunasema ana moto. Neno hilo nililisikia mezani kwangu kila asubuhi, na kila aliyelitamka nilimpa namba ya foleni.

Wiki iliyofuata, siku ya mvua, bibi mmoja alitoka wodi ya watoto. Mjukuu wake alikuwa amelazwa humo, dripu mkononi, habebeki. Bibi hakupiga kelele. Alikuwa na adabu zake.

"Papa, kule kwa batoto kuko moto."

"Batoto bote ba kule beko na moto, mama," nikamjibu bila kuinua macho. "Njo maana balilazwa. Kaa pale, muganga anakuya."

Nikaandika daftarini: homa. Akakaa. Nikaridhika, maana mimi napenda wagonjwa wanaokaa.

Moshi ndio ulionitafsiria. Mtu alikuwa ameingiza mbabula, jiko la makaa, apashe uji kando ya kitanda, na chandarua kikashika. Nilikimbia na mtungi wa kuzimia moto, nikabana mpini kwa nguvu zangu zote huku pini ikiwa bado mahali pake. Haukutoa kitu. Nesi alikishusha chandarua kwa mti wa ufagio, akakimwagia ndoo ya maji ya kupigia deki, kisha akaninyang'anya mtungi nisije nikamwangushia mgonjwa. Hakuna mtoto aliyeungua. Kitanda kilichofuata kilikuwa cha yule mjukuu.

Nilimkuta bibi barazani, amempakata mtoto ambaye nesi alikuwa amemchomoa dripu. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile isiyochekeka. Nikamwomba msamaha. Kisha, kwa kuwa sijui kunyamaza, nikamuuliza mbona alikubali kukaa, mbona hakunivuta hata shati.

"Nilikuona unaandika," akasema. "Nilizani njo namna ya kuita batu."